Madaftari Matatu ya Klementinum

Avukaye Daraja la Charles kutoka upande wa ngome ya wafalme, akaingia mji mkongwe wa Praha, hukutana na ukuta mrefu ulio upande wake wa kushoto. Nyuma ya ukuta huo mna makanisa, nyua, madarasa, maktaba na mnara, vyote vikiwa vimeenea juu ya ardhi ipatayo hekta mbili. Jumba hilo huitwa Klementinum, na katika Praha nzima ni ngome ya wafalme peke yake inayolizidi kwa ukubwa. Wageni huja kutazama mambo mawili: ukumbi wa vitabu uliojengwa kwa mtindo wa baroko katika miaka ya 1720, na mnara wa falaki uliosimama tangu 1722. Aghlabu hutoka wakisifu picha za darini na mandhari ya mji yaonekanayo kutoka juu. Sifa hizo ni za haki. Lakini nyumba hii ina habari nyingine isiyopigwa rangi wala kuchongwa, nayo ni habari ya madaftari matatu yanayohusiana nayo. La kwanza liliandikwa ili vitabu viangamie. La pili liliandikwa ili lugha iishi. La tatu liliandikwa na mtu ambaye hakuweza kujua litamfaa nani.

Jina la nyumba ni la Mtakatifu Klementi, ambaye katika zama za kati alikuwa na kanisa dogo mahali hapo. Wadominiko walijenga makao yao kando ya kanisa hilo katika karne ya 13. Mwaka 1556 wakafika Wajesuiti, kwa mwaliko wa Mfalme Ferdinand wa Kwanza wa ukoo wa Habsburg. Mfalme alikuwa Mkatoliki, na nchi ya Bohemia aliyoitawala ilikuwa na wengi wasiomfuata Papa. Jan Hus, aliyepata kuwa mkuu wa chuo kikuu cha Praha, alichomwa moto mjini Konstanz mwaka 1415 kwa ajili ya mafundisho yake, lakini wafuasi wake hawakwisha. Walikuwa na Biblia kwa Kicheki, nyimbo kwa Kicheki na mahubiri kwa Kicheki. Wajesuiti waliitwa ili wairudishe nchi kwa Roma, na chombo chao kikubwa kilikuwa shule. Husimuliwa kwamba walipoanza kujenga walikuwa na kitabu kimoja tu, na walipokwisha walikuwa na vitabu elfu ishirini. Ni hadithi, na haitaji vitabu hivyo vilitoka mikononi mwa nani.

Sehemu moja ya jibu imo katika tarikhi. Tarehe 8 Novemba 1620 jeshi la wakuu wa Bohemia walioasi lilishindwa kwenye Mlima Mweupe, nje kidogo ya Praha. Waprotestanti wakalazimishwa kuchagua baina ya kuongoka na kuhama. Mwaka 1622 Wajesuiti walikabidhiwa chuo kikuu kilichoasisiwa na Charles wa Nne mwaka 1348, pamoja na maktaba yake, na vitabu vya walioshindwa vikahamia kwenye rafu za walioshinda. Mwaka 1627 katiba mpya iliipa lugha ya Kijerumani haki sawa na Kicheki katika shughuli za nchi. Usawa huo ulikuwa kama usawa wa mgeni mwenye nguvu na mwenyeji aliyenyang'anywa ufunguo: haukukawia kugeuka kuwa utangulizi wa mmoja na unyonge wa mwingine.

Miongoni mwa waliohama alikuwako Jan Amos Komenský, ambaye dunia ya elimu inamjua zaidi kwa jina la Kilatini, Comenius. Kwa zaidi ya miaka arobaini mwanachuoni huyu alikusanya maneno na misemo ya lugha yake, akikusudia kutunga kamusi kubwa ya Kicheki. Mwaka 1656, mji wa Leszno huko Poland, alikokuwa amepata hifadhi, uliteketezwa katika vita, na mswada huo ukawa majivu. Komenský alikufa Amsterdam mwaka 1670. Kamusi haikuandikwa tena. Msomaji aishike habari hii ya kamusi iliyoungua, kwa maana itarudi kwa njia nyingine, ndani ya Klementinum yenyewe.

Ujenzi wa jumba kubwa ulianza mwaka 1653 na kuendelea mpaka karne iliyofuata. Maskani ya raia yalibomolewa, vichochoro vikafungwa, na wasanifu wakapokezana kazi. František Maxmilián Kaňka ndiye anayetajwa zaidi kuhusu sehemu za mwisho, ambazo ndizo zenye ukumbi wa maktaba na mnara. Ukumbi una nguzo za mbao zilizosokotwa kama kamba, baraza ya juu inayouzunguka pande zote, na matufe ya dunia na ya anga yaliyopangwa katikati ya sakafu. Darini Jan Hiebl alichora elimu na hekima, tangu wanafalsafa wa Kiyunani hata watakatifu wa Kanisa. Katika rafu mna vitabu vya theolojia zaidi ya 20,000. Vingi vina migongo iliyopakwa rangi nyeupe na kutiwa alama nyekundu, na hivyo ndivyo vilivyokuwa tangu zama za Wajesuiti. Kwa miaka mingi wageni wamesimamishwa mlangoni, wakaruhusiwa kuangalia bila kuingia, maana pumzi za watu na vumbi la viatu ni adui wa karatasi.

Asimamaye mlangoni hapo huona kheri tupu. Ni rahisi kusahau kwamba wakati ukumbi huu ukipambwa, vitabu vingine katika nchi hiyo hiyo vilikuwa vikisakwa majumbani. Hapa ndipo linapokuja daftari la kwanza. Antonín Koniáš alizaliwa Praha mwaka 1691, akawa Mjesuiti na mhubiri, akazunguka vijijini akitafuta maandishi ya wazushi. Mwaka 1729 alichapisha kitabu alichokiita kwa Kilatini ufunguo wa kuufungia na kuufungulia uzushi. Ndani yake aliorodhesha vitabu vilivyokatazwa, na kuonyesha kurasa na mistari ya kufutwa katika vile ambavyo vingeweza kusamehewa. Vilivyokosa msamaha vilitiwa motoni, na jina la Koniáš limebaki hadi leo katika Kicheki kuwa jina la mchoma vitabu. Haki inataka isemwe pia kwamba mtu huyu hakuichukia lugha. Aliitumia kuhubiri na kutungia nyimbo za dini. Alichokichukia ni mambo yaliyosemwa kwa lugha hiyo na watu wasiokuwa wa upande wake.

Alikufa mwaka 1760. Miaka kumi baadaye, mwaka 1770, orodha kubwa zaidi ya vitabu vya Kicheki vilivyopigwa marufuku ilitolewa Praha, na msingi wake ulikuwa kazi ya Koniáš. Kisha likatokea jambo ambalo yeye asingalilitaka. Wanazuoni wa kizazi kilichofuata walipotaka kujua ni vitabu gani vilivyopata kuandikwa kwa Kicheki kabla ya Mlima Mweupe, hawakuwa na wasaa wa kuchagua marejeo. Wakamfungua Koniáš. Majina ya vitabu, ya waandishi, na mwaka wa kupigwa chapa, mchomaji alikuwa ameyaandika kwa uangalifu wa karani, kwa sababu mtu hawezi kusaka asichokijua jina. Orodha ya hukumu ikawa orodha ya urithi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari liliandikwa na yule aliyekusudia mali ipotee.

Mwaka 1773 Papa Clement wa Kumi na Nne alilivunja shirika la Wajesuiti, na Klementinum ikakosa mwenyewe. Malkia Maria Theresa alitoa amri mwaka 1777 kwamba vitabu vya chuo na vya Wajesuiti viunganishwe, viwe maktaba ya umma. Mwanawe, Kaizari Joseph wa Pili, ambaye picha yake imetundikwa kwenye kichwa cha ukumbi, alifunga nyumba nyingi za watawa katika miaka ya 1780, na shehena za vitabu zikaletwa Praha kutoka huko. Mfalme huyo huyo aliyefungua milango ya maktaba aliifanya hali ya Kicheki kuwa ngumu zaidi. Mwaka 1784 Kijerumani kilishika nafasi ya Kilatini katika kufundishia chuo kikuu. Kijana wa Kicheki aliyetaka elimu ilimpasa aiache lugha ya mama yake mlangoni, kama mtu avuavyo viatu. Lugha ilibaki jikoni, shambani na sokoni.

Katika maktaba hiyo alikuwako msimamizi aliyeitwa Karel Rafael Ungar, aliyeingia kazini mwaka 1780. Ungar alipoyapokea mafurushi kutoka kwa watawa, aliamua jambo ambalo kwa nje lilikuwa la mpango wa rafu tu. Mwaka 1781 alivitenga vitabu vya Kicheki akaviweka mahali pamoja, akapaita kwa Kilatini maktaba ya taifa. Taifa lenyewe halikuwa na dola, halikuwa na bunge, na lugha yake ilifikiriwa na wengi kuwa inakufa. Lakini lilikuwa na rafu. Katika miaka hiyo hiyo kukawekwa sheria kwamba kila kichapishwacho kipelekwe nakala Klementinum. Hivyo kila aliyetaka kuthibitisha kwamba Kicheki kilipata kubeba falsafa, sheria, tiba na ushairi, alijua mahali pa kwenda.

Ni lazima ikumbukwe kwamba kuihifadhi lugha si sawa na kuiamini. Josef Dobrovský, aliyekuwa bingwa wa lugha za Kislavoni kuliko wote wa zama zake, aliandika historia ya lugha na fasihi ya Kicheki katika miaka ya 1790, na mwaka 1809 akachapisha sarufi yake. Vitabu vyote viwili aliviandika kwa Kijerumani. Hakuwa na yakini kwamba Kicheki kingeweza kuwa tena lugha ya elimu ya juu. Aliichunguza lugha kwa mapenzi ya mganga aliyekwisha kata tamaa, akipima mapigo ya moyo na kuyaandika.

Aliyeishika kalamu kwa tamaa nyingine ni Josef Jungmann, na hilo ndilo daftari la pili. Alizaliwa mwaka 1773, mwaka ule ule Wajesuiti walipovunjwa. Mwaka 1811 alichapisha tafsiri yake ya Paradise Lost ya mshairi Mwingereza John Milton. Hakukosa kazi nyepesi za kufasiri. Aliichagua hiyo kwa sababu ilikuwa nzito, ili ijulikane kama mabega ya Kicheki yanaweza kuuchukua mzigo wa utenzi wa aina hiyo. Palipokosekana neno alitafuta katika vitabu vya kale, akaazima kwa ndugu wa Kislavoni, kama vile Kipolandi na Kirusi, au akaunda jipya kwa mizizi ya lugha yenyewe. Wako waliomcheka. Maneno mengine aliyoyaunda yalikufa siku ile ile, na mengine husemwa leo na watoto wasiojua kwamba yalipata kuwa mageni.

Tangu 1815 Jungmann alifundisha katika shule ya sekondari iliyoasisiwa na Wajesuiti, ambayo ilikuwa ndani ya Klementinum, na baadaye akawa mkuu wake. Kwa hiyo alipita katika nyua zile zile, chini ya mnara ule ule, huku akikusanya maneno ya kamusi yake. Baina ya 1834 na 1839 kamusi ya Kicheki na Kijerumani ilitoka kwa mijaladi mitano. Kile kilichoungua Leszno mwaka 1656 hakikuweza kurudishwa, lakini kazi ileile sasa ilitimizwa na mtu mwingine, takribani karne mbili baadaye. Jungmann alitoa maneno yake kwa watu wa sokoni na pia kwa vitabu vya kale, na miongoni mwa vitabu hivyo vilikuwamo vya wale waliotangazwa kuwa wazushi. Kama rafu zingekuwa tupu, kamusi ingekuwa nyembamba. Mfasiri yeyote aliyepata kukaa usiku kucha akitafuta neno moja ataielewa thamani ya rafu hizo.

Daftari la tatu halikuwekwa ukumbini bali mnarani. Mnara una kimo cha meta 68, na juu kabisa amesimama Atlas, jitu la visasili vya Kiyunani, akiwa amebeba anga mabegani. Apandaye huhesabu vidato 172 kabla ya kufika kwenye roshani, ambako paa nyekundu za mji mkongwe, mto Vltava na ngome huonekana kwa mtazamo mmoja. Njiani hupita katika chumba cha meridiani. Humo mna vyombo viwili vya ukutani, kila kimoja mfano wa robo ya duara, vilivyotumika kupimia kimo cha nyota. Chumba kilitiwa giza, na ukutani pakatobolewa tundu dogo la kupitisha mwale wa jua. Sakafuni ulitandwa uzi kutoka kaskazini kwenda kusini. Mwale ulipoukata uzi, ilikuwa saa sita kamili ya mchana. Tangu 1842 mtu alisimama mnarani akapunga bendera ili mji upate kujua, na tangu 1891 ishara hiyo ikafuatwa na mlio wa mzinga kutoka ng'ambo ya mto. Mafundi saa, wenye maduka na wapishi wote walirekebisha mambo yao kwa uzi mmoja uliolala gizani.

Chumba cha uchunguzi wa nyota kiliasisiwa na Joseph Stepling, Mjesuiti mwanahisabati, katikati ya karne ya 18. Aliyemfuata ni Antonín Strnad. Huyu ndiye aliyeihangaikia saa maarufu ya falaki iliyo kwenye Uwanja wa Mji Mkongwe, wakati mji ulipokuwa tayari kuitupa kama chuma kikuukuu. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ndogo kwa kuitazama. Tangu Januari 1775 joto la hewa katika Klementinum limepimwa na kuandikwa kila siku bila kukatika. Mwaka 1780 kuliundwa mjini Mannheim chama cha kwanza cha kuunganisha wapimaji wa hali ya hewa wa nchi mbalimbali, na Praha ikashiriki. Kanuni ilikuwa kusoma kipimajoto mara tatu: saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Tarehe 1 Machi 1785 kiliandikwa kipimo cha nyuzi 27.6 chini ya sifuri. Siku nyingi nyingine hazikuwa na la ajabu, nazo ziliandikwa vilevile.

Strnad alikufa mwaka 1799. Alidhani, kama wenzake wa zama hizo, kwamba hesabu hizo zingewafaa wakulima na kuufichua mwenendo wa majira. Hakuweza kujua kwamba baada ya zaidi ya miaka mia mbili watu wangeuliza swali jingine: je, dunia inaongezeka joto, na kwa kiasi gani? Swali hilo halijibiwi kwa kumbukumbu za wazee peke yake. Linahitaji daftari lililoanza kabla ya moshi wa viwanda kutanda, na madaftari ya namna hiyo ni machache duniani. La Klementinum ni mojawapo ya marefu kabisa katika Ulaya ya kati. Linaonyesha ongezeko, na wataalamu huyasoma kwa hadhari, kwa kuwa mji wenyewe umepanuka, na mawe yake na moto wake vimelipasha joto jumba lililo katikati. Lakini hata hadhari hiyo huwezekana tu mahali palipo na maandishi ya kuhadhariwa.

Dola nyingi zimepita juu ya rafu na mnara huo. Mwaka 1882 chuo kikuu kiligawanywa, kimoja cha Wacheki na kimoja cha Wajerumani, lakini maktaba ikabaki ya wote wawili. Mwaka 1918 utawala wa Habsburg uliondoka na jamhuri ikazaliwa. Mwaka 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Praha, na mwaka huo huo vyuo vikuu vya Kicheki vikafungwa. Baada ya vita Wajerumani wa nchi hiyo nao walifukuzwa, na vitabu vyao vikabaki rafuni baada ya wasomaji wake kuondoka, kama vilivyobaki vya wazushi zamani. Mwaka 1948 chama cha kikomunisti kilishika hatamu, mwaka 1989 kikaachia, na mwaka 1993 nchi ikagawanyika mara mbili kwa amani. Maktaba ikaitwa Maktaba ya Taifa ya Ucheki, jina ambalo Ungar alilibandika kwenye sehemu yake ya vitabu vya Kicheki kabla ya taifa hilo kuwa na chochote. Mwaka 2005 UNESCO iliipa tuzo ya kwanza ya Jikji, kwa kazi ya kuhifadhi miswada na kuigeuza kuwa picha za kompyuta. Miongoni mwa hazina zake ni kitabu cha Injili cha Vyšehrad, kinachohusishwa na kutawazwa kwa Vratislav, mfalme wa kwanza wa Bohemia, mwaka 1085.

Mtu anaweza kuyapanga madaftari haya matatu kwa wema na uovu, amlaani Koniáš, ampe shada Jungmann, na amsifu Strnad kwa subira. Hukumu hiyo si batili, ila haitoshi. Kinachoshangaza ni kwamba daftari la kila mmoja lilitumika nje ya nia yake. Mchomaji alikihifadhi alichokichukia. Mtunga kamusi aliokota maneno katika nyumba iliyojengwa ili kuwashinda waliokuwa wakiyasema. Mpimaji aliwajibu wajukuu wa wajukuu swali ambalo yeye hakuulizwa. Nia za waasisi hazikuilinda nyumba hii. Kilichoilinda ni mkono wa karani ulioandika tarehe, jina na kiasi, ukaliweka daftari mahali panapojulikana, na mkono wa mwingine uliolipokea bila kulitupa.

Palipokosekana mikono hiyo, palibaki majivu ya Leszno. Na lugha, tofauti na joto la hewa, haingoji kupimwa. Ipo siku mzee hufa na neno lake, na siku hiyo haiandikwi popote ikiwa hakuna aliyekuwa amekaa karibu naye na kalamu. Wacheki waliwahi kwa nafasi finyu sana, kwa sababu rafu ya Ungar ilikuwako miaka hamsini na zaidi kabla ya mjaladi wa kwanza wa Jungmann.

Wageni wanaendelea kusifu dhahabu na darini, na hapana ubaya. Katika jumba hilo hilo kazi iliyoanza Januari 1775 haijakoma: kipimajoto husomwa, na kipimo cha siku huongezwa chini ya kipimo cha jana.